Seremala Chini ya Meza

Mara ya kwanza seremala aliponyimwa malipo ya ulemavu kutoka serikalini, kilichomponza ni mdomo wake mwenyewe. Daktari wa kumpima alimuuliza habari za mgongo, naye akajigamba kwamba hata kabati la milango mitatu analibeba peke yake. Njia nzima ya kurudi alijisuta: kabati gani, wewe unayevalishwa soksi na mkeo?

Siku ya rufaa, wakili wake alimwonya mlangoni. "Mzee wangu, leo ujuaji tuuache nje. Ukiulizwa, sema ukweli."

"Nimekusikia, mwanangu."

Akaketi mbele ya jopo. Kiti kikayumba. Akavumilia, akavumilia, lakini ufundi ulimwasha. Kabla wakili hajamdaka shati, alikwisha kuinama kuukagua mguu uliolegea, na mgongo ukagoma hapo hapo. Akabaki amejikunja kama kisu cha kukunja, kichwa chini ya meza.

"Mzee, unaweza kuinuka mwenyewe?" aliuliza mwenyekiti wa jopo.

Wakili akafumba macho.

"Naweza sana," ilijibu sauti kutoka chini ya meza, "ila kwanza niinueni."