Dagaa wa Siku Tatu

Dagaa waliokaushwa sawasawa hawanuki samaki. Huku Tabora ninakofundisha nikisema hivyo wananiona natetea kwetu, kwa sababu wengi wanaowafikia ni wale walioanikwa mchana mmoja, wakafungwa kwenye gunia wangali na unyevu. Juzi mwalimu mwenzangu alileta mfuko chumba cha walimu, na kabla hajaufungua vizuri watu walishaziba pua. Mimi nilichukua mmoja nikajaribu kumvunja. Dagaa mkavu hukatika kwa mlio, kama kijiti. Huyu alipinda tu. Nikasema hawa ni wa siku moja, wakacheka, wakaniuliza kwani dagaa nao wana madarasa.

Wanayo, ndugu zangu. Niliyajua madarasa hayo kabla sijajua kusoma, maana mama yangu alikuwa mwanika dagaa mwaloni Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Mitumbwi ikirudi asubuhi, anachukua ndoo zake, anawaosha, anawatandaza juu ya chanja za wavu zilizoinuliwa kutoka mchangani. Wa kuliwa mjini aliwaanika siku moja. Wa kupanda treni kwenda Dar, siku mbili, na kila siku aliwageuza mara tatu: jua likipanda, jua likisimama, jua likianza kushuka. Alikuwa mkali sana kwa hilo. Ungeweza kumwambia nyumba inaungua, angekuambia subiri nigeuze upande huu.

Siku tatu sikuwahi kumwona akianika, mpaka mwaka ule kaka Rama alipochaguliwa timu ya taifa ya raga.

Mimi, mdogo wake Tatu, nilikuwa na miaka kumi, yeye ishirini na mbili. Baba alishafariki. Rama alikwenda kusoma Arusha kwa mjomba, na huko mwalimu mmoja alipoona mabega yake akamwambia mpira wa miguu aachane nao. Sisi Kibirizi hatukuwahi kuuona huo mchezo. Aliporudi kutuaga, kabla ya safari ya ng'ambo ambako timu ingecheza mechi tatu za kimataifa na wenyeji wale wale, Jumamosi tatu mfululizo, ilibidi awaeleze watu wote wa mwaloni. Mpira wenyewe si wa duara. Unaukumbatia unakimbia nao, na ukitaka kumpa mwenzako lazima umrushie aliye nyuma yako, kamwe si aliye mbele. Mama Ndayi, jirani yetu Mrundi aliyeanika chanja moja na mama, alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza wanafikaje mbele kama wanarusha nyuma. Rama alisema ndiyo ugumu wenyewe. Mama Ndayi akatikisa kichwa, akasema, "Yoo, mwana wanje, mwanangu, si bora mkae tu."

Rama alikaa nasi siku tisa. Jioni alinifundisha skramu, yaani kule kusukumana, wanane kwa wanane, vichwa vimeingiliana. Timu yake ya wanane ilikuwa mimi peke yangu. Niliinama, nikaweka bega langu kwenye bega lake, nikasukuma mpaka miguu ikachimba mchanga, na yeye alirudi nyuma hatua moja moja, akijifanya nimemweza. Siku ya tano tulikuwa tumeinama hivyo hivyo, masikio yetu yamegusana, aliponiambia kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Tatu, mechi ya tatu ikiisha mimi sirudi na wenzangu. Nitabaki huko nitafute maisha. Usimwambie mama."

Niliendelea kusukuma. Nakumbuka hilo vizuri kuliko yote, kwamba niliendelea kusukuma kwa sababu mchezo ulikuwa haujaisha. Aliponiuliza kama nimesikia, nikasema nimesikia. Akanitoa mchanga magotini, tukaenda kula.

Sikulia usiku ule wala kesho yake. Ndani yangu palikuwa kimya, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hausemi kitu.

Asubuhi ya siku ya sita mama alitenga chanja moja akasema hii ni ya Rama. Nilimsaidia. Yeye alishika upande mmoja wa wavu na mimi upande wa pili, tukatandaza, tukageuza mara tatu. Siku ya pili hivyo hivyo. Jioni nilikuja na ungo nikijua tunawatoa, akaniambia waache. Siku ya tatu tukawageuza tena. Nilimuuliza kwa nini, akasema jua zuri. Nikajijibu mwenyewe kwamba Ulaya ni mbali kuliko Dar, basi dagaa wa Ulaya lazima wakauke zaidi. Jibu hilo lilinitosha, na kusema kweli niliona nina akili.

Kilichobaki ni jinsi ya kuwasafirisha, maana viongozi wa msafara walishawaambia wachezaji wasibebe vyakula. Mama aliomba soksi za Rama za zamani, zile ndefu za raga zinazofika magotini. Alizifua, akazianika, akazijaza dagaa moja baada ya nyingine, akazifunga mdomo kwa uzi. Soksi sita. Zilipolazwa kwenye begi zilionekana kama miguu ya watoto waliojificha. Rama alicheka hadi akakaa chini. Mama naye alicheka, akampangia jezi juu ya soksi hizo, akafunga zipu.

Alipopanda treni, mama alimwambia aende salama, awasalimie wenzake. Basi. Akarudi mwaloni kabla jua halijaanza kushuka.

Kisha zikaja zile Jumamosi tatu. Mjomba mwingine, Saidi, fundi wa injini za boti pale mwaloni, ndiye aliyekuwa na simu kubwa yenye kuonyesha picha, na watu walimzunguka pale kwenye karakana yake mpaka mwanga ukakosa pa kupita. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Mechi ya kwanza tuliona vipande: wanaume wamelundikana, picha inaganda, ikirudi wamelundikana mahali pengine. Mama Ndayi akasema hao wanaganda hata bila simu. Tulifungwa vibaya. Wiki ya pili tulishinda kwa tofauti ndogo, na mwalo mzima ukapata ugonjwa wa raga. Watoto walijaza mchanga kwenye chupa za maji wakarushiana kwa nyuma. Wavuvi waliotoka Mwamgongo kuleta mzigo waliuliza kwanza matokeo, ndipo wakafunga kamba. Sasa kila timu ilikuwa imeshinda moja, na mechi ya tatu ndiyo ya kuamua.

Kila mtu aliingoja. Mimi peke yangu nilitaka isifike. Kwa hesabu yangu, mechi zikiendelea Rama bado ni wa kurudi, na nilikuwa nikiamka nikijiambia zimebaki siku nne, zimebaki tatu, huku nikibeba ndoo kama kawaida. Mara mbili nilimsogelea mama nimwambie. Mara ya kwanza alikuwa ameinama chanjani, nikaona nisubiri amalize. Mara ya pili aliniangalia kabla sijafungua mdomo, akanituma chumvi.

Jumamosi ya tatu tulishinda. Rama ndiye aliyefunga trai ya mwisho, yaani alivuka mstari wao akiwa na watu wawili mgongoni, akauweka mpira chini. Hiyo picha haikuganda. Karakana ililipuka. Wanawake walimvua mama kanga ya mabegani wakaipeperusha, wakamwita Mama Rama, Mama Rama, hadi sauti zikakauka. Mimi nilikuwa chini ya meza ya vyuma, nimekaa juu ya tairi. Niliona miguu ya watu ikiruka. Nilijaribu kufurahi, nikashindwa. Nikajaribu kulia, nako nikashindwa.

Jumatatu alipiga simu kiongozi mmoja wa msafara. Mjomba Saidi ndiye aliyepokea, akaja chanjani na kofia mkononi. Alisema timu ilipokusanyika kwenda uwanja wa ndege, Rama hakuwepo. Chumbani kwake walikuta kitanda kimetandikwa. Mama alisikiliza, akauliza kama begi lilikuwepo. Mjomba akasema halikuwepo. Mama akasema haya.

Kufikia mchana majirani walishaanza kuja. Kwetu ziwa likimchukua mtu, watu hawangoji kuitwa. Huja na mikeka, wanakaa na wewe. Sasa huyu hakuchukuliwa na ziwa, alikuwa hai mahali fulani, lakini hawakujua namna nyingine ya kuja. Walitandika mikeka ukumbini, wakaanza kuongea kwa sauti za chini. Mama aliwatazama, akawaambia nashukuru sana ndugu zangu, lakini jua linasimama na nyie mna dagaa. Wakaangaliana. Mmoja mmoja wakainuka, na yeye akatangulia kwenda kugeuza.

Kuanzia hapo watu walimwona mama ana moyo wa jiwe. Wengine, kwa kumhurumia, wakaacha kumwita Mama Rama, wakaanza kumwita Mama Tatu. Hakuitika. Uliweza kumwita Mama Tatu mara tano naye akiendelea na kazi, mpaka ukamwita kwa jina lake la siku zote. Mimi nilifikiri hajaelewa kilichotokea. Nilimwonea huruma, na niliona aibu kula naye chungu kimoja, mimi niliyejua toka siku ya tano nikanyamaza.

Miezi mitano baadaye Rama alipiga simu. Mama aliweka sauti kubwa ili nami nisikie. Rama akamwamkia, mama akajibu marahaba. Kisha akamuuliza kitu kimoja tu.

"Dagaa wameharibika?"

"Hapana, mama. Wako vilevile. Nimebakiza soksi moja."

"Basi vizuri," mama akasema, akanipa simu, akatoka nje.

Nilichukia. Mtoto amepotea miezi mitano, mama yake anauliza dagaa. Hakumuuliza yuko wapi, hakumuuliza atarudi lini. Nilikaa na chuki hiyo pamoja na ile siri yangu, na vyote viwili havikuniuma. Vilikuwepo tu.

Mwaka uliofuata Mama Ndayi alipata habari kwamba shamba la baba yake huko Burundi limerudishwa, akaamua kurudi kwao na wanawe. Mama akatenga chanja. Tulishika wavu, yeye huku, mimi kule. Siku ya kwanza, siku ya pili. Jioni ya pili nilikuja na ungo.

"Waache," mama akasema.

Nikamwambia Burundi si mbali. Ni karibu kuliko Dar, na wa Dar tunawaanika siku mbili.

"Siangalii umbali, mwanangu. Anayerudi, siku mbili zinamtosha, wakiisha atakuta wengine hapa. Anayehama ndiye namwanikia siku tatu, wamkalie mwaka."

Nilishika wavu nisijue niuachie au niukaze. Nikamuuliza, "Na kaka?"

Aligeuza dagaa wa upande wake mpaka akamaliza mstari.

"Na kaka yako," akasema. "Hakuniambia. Nilimwona anavyorekebisha paa ambalo halivuji. Wewe alikuambia?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Mama akavuta pumzi, akasema alidhani mimi sijui, na mwaka mzima amekuwa akijizuia mbele yangu ili nisione. Ndipo nilipolia, pale pale chanjani, machozi yakidondokea dagaa wa Mama Ndayi. Mama akaniambia nisogee, nitawarudishia unyevu. Lakini yeye mwenyewe hakusogea, na uso wake ulikuwa umelowa.

Nilidhani siku ile nimeelewa yote. Bado. Nimeelewa hapa Tabora, mtu mzima, dagaa aliyepinda mkononi na walimu wenzangu wakinicheka. Siku tatu, mara tatu kwa siku. Mara tisa mama aliinama juu ya chanja ile, na Rama alikuwa hapo hapo nyumbani, hatua ishirini, angeweza kumwita na kumwambia asiende, naye asingeenda. Mara tisa aligeuza dagaa. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimemshikia wavu.