Majani Mekundu ya Kilimani

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani Samuye kama jembe lililoazimwa, na kwa kuwa sikupenda kwenda popote, nilipewa kazi inayomfaa mtu wa kukaa: kutazama kilima. Kilionekana vizuri kutoka kwenye kigoda changu, nyuma ya jiko. Juu kulikuwa na msitu wa miti tuliyoiita mitundu, na mteremkoni ngitili yetu, yaani malisho tuliyoyafunga wakati wa mvua ili ng'ombe wayakute kiangazi kikikaza. Huko hapakukatwa hata fimbo ya kuchungia.

Ngitili haifunguliwi ovyo. Tulingoja mitundu itoe majani mekundu, ambayo huchipua kabla ya mvua, ardhi ingali vumbi tupu. Yakionekana, mvua iko njiani. Hapo ng'ombe huingizwa wamalize nyasi zote, maana nyingine ziko karibu kuota.

Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mvua zilikuwa zimeshatukosea adabu misimu kadhaa. Kaka yangu mkubwa, mchungaji wetu, alitaka kuwahamishia ng'ombe magharibi, kwenye mapori ya Geita, wakiwa bado na nguvu za kutembea. Mama alimsikiliza kwa makini. Katika zizi lile la baba yeye alikuwa na ng'ombe mmoja wake mwenyewe, mwenye pembe moja iliyoinama, na maziwa tuliyokunywa sote yalikuwa ya huyo.

Asubuhi moja nikaona wekundu juu ya kilima.

"Baba, mitundu imechipua!"

Baba akatoka na mswaki mdomoni, akatazama, akacheka. "Hakuna kuhama. Tunafungua."

"Baba, tuhame tu," kaka akasema. "Majani si mawingu."

"Majani hayo yalimlisha babu yako."

Kaka akanigeukia. "Na wewe msomi umefurahi, safari imekufa. Geita ungefika umebebwa."

"Ningempanda ng'ombe wa mayu," nikamjibu. Ndivyo tulivyomwita mama, Kisukuma.

"Ng'ombe wangu mwacheni," mama akasema, naye anacheka.

Kwa furaha nikatoa mhadhara juu ya jinsi upepo wenye unyevu unavyopanda mlima ukapoa, ukawa mvua, kama mwalimu wa jiografia alivyotuchorea ubaoni. Mimi nilichora kwa kijiti, vumbini. Kuku akapita juu ya mvua yangu.

Ng'ombe wakala ngitili yote. Mvua haikuja. Majani yale yakawa ya kahawia bila kupitia kijani, na baadhi ya mitundu ikaanza kukauka kutoka juu kushuka chini. Chemchemi ya mteremkoni ikawa tope, kisha ufa. Bwana misitu akapanda na baba kutafuta visiki. Alikuwa amekuja na hotuba ya kuwakemea wakata miti, ati ndio wanaokausha chemchemi. Hakupata kisiki. Akasimama pale na hotuba yake, mwisho akaomba maji ya kunywa. Mama akampa nusu kikombe.

Sasa kuhama hakukuwezekana. Ng'ombe wasingefika hata barabarani. Yule wa mama akawa hawezi kuamka mwenyewe. Kila asubuhi tulipitisha mti chini ya tumbo lake, kaka upande huu, mimi upande ule, baba akivuta mkia.

"Inua, msomi! Au jiografia haina sura ya ng'ombe?"

Niliinua. Alisimama akitetemeka, mama akimlisha maganda ya viazi mkononi. Ikafika asubuhi tukamsimamisha, tukaachia, akakunja magoti taratibu kama anayetuonea huruma.

"Mwacheni, wanangu," mama akasema. "Mmemsumbua vya kutosha."

Kaka akauchomoa ule mti, akauegemeza kwenye ua wa zizi.

Siku hizi wataalamu wana jina la mambo haya, nasikia redioni: tabianchi. Sisi hatukuwa na jina. Mwaka uliofuata mitundu iliyobaki ilichipua tena, majani mekundu mazuri kabisa. Baba akatoka na mswaki wake, akatazama weee, kisha akaniuliza mimi, "Inasemaje?"

Mama alikuwa mlangoni na kibuyu cha kusukia maziwa, siku hizo kikitunza mbegu za mtama. Naye akasimama kunisikiliza.