Karata Juu ya Meza ya Kukatia Nguo

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu nguo haikutoka mikononi mwake bila pindo lililonyooka, hata kama mwenye nguo amesimama mlangoni anapiga miluzi ya haraka. Huruma alikuwa nayo tele, ila alipenda kuificha ndani ya makaripio.

Tangu wifi yake afariki, aliishi na kaka yake mkubwa, mchomeleaji mageti mstaafu. Mzee huyo alikuwa ameisusa dunia. Alilala kuelekea ukutani na kujibu kwa kuguna, na shati lake la kijivu hakutaka liguswe na sindano ya mtu. Kifuani, mahali pa kifungo, palikuwa na pini. Mkewe ndiye aliyeibana asubuhi alipokuwa anapelekwa hospitali, akasema, "Ngoja nikubanie kwanza, nikirudi nitakushonea." Hakurudi. Mama Pindo, mwenye kopo zima la vifungo, alilifua shati lile na pini yake.

Kitu pekee kilichomtoa mzee kitandani kilikuwa karata. Kila Jumamosi mchana vitambaa viliondolewa kwenye meza ya kukatia, wakaja kinyozi wa jirani, dereva wa lori aliyestaafu na muuza magazeti. Kila mtu alitoa kiingilio, mshindi akaondoka na chote, isipokuwa kidogo alichokata Mama Pindo kwa ajili ya chai. Siku hiyo kaka yake alinyoa ndevu mwenyewe na kuamka na ugomvi mdomoni. "Leo kinyozi nitamnyoa mimi!" Kwa saa hizo chache, Mama Pindo alikuwa na kaka yake tena.

Ndipo Jumamosi moja askari mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alipokuja kuchukua suruali yake iliyoongezwa kiuno, akakuta mchezo umepamba moto.

"Shangazi, hawa wanacheza kwa pesa?"

"Wanacheza kwa kelele. Pesa ni kidogo tu."

Askari akamvuta pembeni, karibu na cherehani. "Kucheza karata si kosa. Ila ukikusanya viingilio na kutoa zawadi ya pesa, hiyo ni kamari, inataka leseni. Na anayeshikwa wa kwanza ni aliyeandaa."

"Mimi sili hata senti yao!" alisema Mama Pindo, kifua mbele. "Nakata ya chai tu."

"Hapo ndipo unapojimaliza, shangazi. Hiyo ya chai ndiyo faida ya mwenye nyumba. Mimi nimefuata suruali, lakini mwenzangu anaweza kuja na pingu."

Jumatatu Mama Pindo alikwenda ofisi ya biashara kuulizia leseni. Alipotajiwa ada yake alicheka mpaka karani akakasirika, maana angeuza cherehani zote mbili na bado isingetosha. Tena, akijiambia ukweli, sheria haikukosea kila kitu. Kinyozi aliwahi kupoteza kodi ya chumba juu ya meza ile, na Mama Pindo akajifanya anatunga uzi.

Akafunga mchezo. Jumamosi iliyofuata kaka yake hakunyoa. Chakula kilirudi kama kilivyokwenda, na Mama Pindo alisimama mlangoni akiutazama ule mgongo, moyo unamuuma. Alimwogopa askari, lakini mgongo ule aliuogopa zaidi.

Akamfuata askari. "Wakicheza bila kiingilio, bila pesa, na chai ni yangu? Mshindi nimshonee bure kitu chake kimoja kilichoharibika?"

"Hapo ni wazee wanacheza karata, shangazi. Nani atawagusa?"

Akawaita tena. Kaka yake alipoambiwa hakuna pesa, akauambia ukuta, "Sasa tunacheza nini, utoto?" Hakuinuka. Wenzake wakaanza bila yeye, na kinyozi, kwa makusudi kabisa, akapaza sauti kwamba sasa mtaa huu umebaki na bingwa mmoja. Walikuwa hawajamaliza mkono wa kwanza mlango wa chumbani ulipofunguka.

"Sogea," alisema mzee, ndevu zake zote usoni.

Alicheza kama mtu anayedai haki yake. Turufu ya mwisho ilipogonga meza, dereva alijishika kichwa.

"Haya bingwa," alisema Mama Pindo, "lete kilichochanika."

Mzee akainamisha kichwa, akatazama kifua chake. Vidole vyake, vyenye makovu ya cheche za miaka mingi, vilifungua pini. Kisha akatoa mfukoni kifungo cha kijivu, matundu yake bado yana vipande vya uzi wa zamani.

"Nimeshinda kwa haki," alisema. "Kishone. Lakini taratibu."

Mama Pindo hakumvua shati. Alikaa mbele yake, akashona hapo hapo kifuani, mkono wake mmoja ukihisi moyo wa kaka yake unavyodunda chini ya kitambaa. Alipokata uzi kwa meno, alilia waziwazi, bila kutafuta karipio la kujifichia.

Mzee akaifunga pini, akaitia mfukoni kilikotoka kifungo, akaupigapiga mfuko kwa kiganja. Kisha akamwambia kinyozi agawe karata.