Mota Iliyoachwa Iungue

Mwenye jengo hakupenda nilichomwambia, na sikumlaumu. Mota ya kisima chake ilikuwa imeungua kiangazi kilichopita, wapangaji wakabeba maji kwa mitungi mpaka ghorofa za juu. Sasa mimi, injinia ambaye yeye mwenyewe alimwita aunganishe pampu ya kuzimia moto na jenereta, nilikuwa namwambia kwamba pampu hiyo haitawekewa kitu cha kuikata ikishika joto.

"Mashine zote hapa zinalindwa," alisema. "Hii nayo iachwe kwa nini?"

"Kwa sababu ya kazi yake, mzee. Waya zikigusana, breka itakata umeme. Lakini mota ikielemewa tu, kanuni zinataka iendelee kuzunguka."

"Yaani nikubali iungue."

"Kama jengo linawaka, ndiyo."

Tulikuwa kwenye chumba cha pampu, chini ya jengo lake huko Spring Valley. Alikuwa mtu wa Kiambu, mpole, asiyejibu jambo kabla ya kuligeuzageuza. Mamake mzazi aliishi ghorofa ya juu kabisa na hakuweza tena kutembea vizuri. Wapangaji wote walimwita shosho, yaani bibi. Mzee aliiangalia ile pampu kuukuu, kisha akasema nifanye ninavyojua, ila yeye hajaridhika.

Nikaipa pampu laini yake peke yake kutoka kwenye jenereta, na swichi yake ya kuhama kutoka stima ya kawaida. Kebo yake niliipitisha kwenye ukuta wa nje, mbali na zile za taa na lifti, ili mtu akizima umeme wa nyumba nzima, pampu isizimike nayo. Siku ya kuijaribu, tuliiwasha wakati taa zote zinawaka. Jenereta iliguna, ikashuka kidogo, ikashika.

Wiki kadhaa baadaye nilirudi kufunga taa za dharura. Alasiri hiyo mvua ilikuwa kubwa, stima ikapotea, jenereta ikachukua. Nilikuwa ghorofa ya kwanza, bisibisi mkononi, nilipopata harufu ya sponji inayoungua. Stoo ya chini, palipowekwa magodoro ya zamani, ilikuwa inatoa moshi, na moshi wenyewe ulikuwa unapanda kwa ngazi za pekee tulizokuwa nazo.

Nilijiziba pua kwa shati nikashuka mbio. Askari wa getini alikuwa ameshafanya alichofundishwa: alivuta swichi kubwa ya nyumba. Taa zikazimika, lifti ikasimama. Kisha yeye na mpangaji mmoja wakafungua mpira wa maji ukutani, jambo ambalo lilipaswa kuiwasha pampu yenyewe.

Nilisimama kwenye mvua nje ya chumba cha pampu nikiwa na swali moja tu kichwani: je, nilifunga zile waya sawasawa? Ndipo pampu ikanguruma ndani. Nikasukuma mlango.

Nilipoingia, furaha haikukaa. Mota ilikuwa inasaga. Beringi ilikuwa inakwama, na mshale wa kipimo cha umeme ulikuwa umepanda kupita nilivyowahi kuuona. Rangi ya mota ilianza kutoa harufu. Nilijua kwamba breka ya kawaida ingekuwa imeshakata. Mkono wangu mwenyewe ulitamani kuzima. Nimefundishwa maisha yangu yote kuokoa mashine.

Mzee aliingia akiwa amelowa. "Zima, inaungua," alisema, akanyoosha mkono kwenye swichi.

Nilisimama mbele yake. "Mzee, shosho ameshuka?"

Aliiangalia mota, akaniangalia mimi. Mkono ukashuka.

"Bado," alisema, akatoka akikimbia.

Nilibaki na ile mashine. Sikujua itadumu kiasi gani, na hakuna hesabu ambayo ingeniambia. Moshi mwembamba ulianza kutoka kwenye mota. Nilivuta kizimamoto kidogo karibu na miguu yangu, nikakaa nikisikiliza, nikiomba kimoyomoyo kwa Kikamba kama nilivyokuwa nikiomba utotoni.

Hatimaye askari alitokea mlangoni, uso mweusi kwa masizi. "Madam, moto umezimika. Umezimika kabisa."

Nilimwambia arudi ahakikishe. Alirudi, akaniita tena, ndipo nilipozima. Gari la zimamoto lilifika baadaye, likakuta magodoro yanafuka tu kwenye maji.

Nilimkuta mzee ameketi kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, pumzi zimemwishia, mamake amemwegemea begani. Alikuwa amembeba mgongoni mpaka hapo. Shosho alikuwa akimgombeza kwa Kikuyu kwa kutoka nje kwenye mvua bila kofia.

"Imeungua?" mzee aliniuliza.

"Imekwisha. Utahitaji nyingine."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ningeigusa ile swichi, ungefanya nini?"

"Ningekusukuma, mzee."

"Sawa," alisema, akamfunika mamake vizuri kwa koti lake.

Nilifika nyumbani, mtaa wa Satellite, nikiwa bado na baridi. Mume wangu aliniwekea chai, akaniuliza siku ilikuwaje. Nilikiweka kikombe mezani, nikaanza kumweleza kuhusu mota niliyoiacha iungue.