Kazi Yenye Daktari

Mke wangu alikuwa na pumu. Kifua kikimbana alikaa kitako ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akivuta pumzi kama mtu anayeteka maji kwenye kisima kirefu. Tulijaribu mafusho ya mkaratusi, habasoda na maji ya kombe la aya. Hospitali ya serikali ilimsaidia sana, lakini kutoka mtaani kwetu Ng'ambo mpaka kule ni mbali kwa mtu asiyeweza kupumua. Mara ya mwisho nilimfikisha nimembeba mgongoni, hana tena sauti. Siku hiyo niliapa kuwa nitatafuta kazi yenye daktari.

Baadhi ya kampuni za mjini zilikuwa na daktari wao, anayekwenda mpaka nyumbani kumtibu mfanyakazi na ahali yake. Mimi nilikuwa karani wa duka, kazi nzuri ya kivulini, ila tajiri wangu alichokuwa nacho kwa mgonjwa ni pole tu. Nikaanza kupita milango ya makampuni, na kabla ya kuuliza mshahara nauliza daktari. Wenzangu wa barazani wakanicheka.

"Wewe unatafuta kazi au unatafuta hospitali?"

"Nnatafuta mke wangu asife!" niliwajibu kwa ukali.

Mungu awalipe, maana ni hao hao walioniletea habari. Kampuni moja ya Shangani, inayosafirisha karafuu na mbata, ilitaka karani wa mizani, na daktari ilikuwa naye. Mmoja wao akaniazima koti lake la harusi.

Bwana mkubwa wa kampuni alikuwa Mzungu aliyejifunza Kiswahili kwa bidii na kukisema polepole. Aliniuliza habari za mizani, nikamjibu, akaridhika. Kisha akasema, "Na nyumbani, hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

"Wote?"

"Wote, bwana."

Akatabasamu. "Vizuri. Basi sitakupeleka kwa daktari wetu. Wagonjwa wamemzidi, anachukua nyumba zenye maradhi tu. Njoo Jumatatu uanze kazi."

Nikashukuru, nikatoka. Nimefika Darajani ndipo hasira zikanipanda, na sikujua nimkasirikie nani. Kwetu ukiulizwa kama nyumbani hawajambo, unajibu hawajambo, hata kama ndani kuna maiti haijaoshwa. Kwanza salamu, mabaya yanafuata taratibu. Ningejibu "wagonjwa" utotoni, mama yangu angenifinya. Na kumrudia mkubwa nimwambie sivyo nilivyosema, pale pale, niliona haya.

Mke wangu alikuwa ameegemea mito. "Ushapata?"

"Kazi nshapata. Daktari sikumpata."

Nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa. "Bwana wee, ulikwenda kusalimiana? Rudi kesho. Na haya zako ziache hapa, ntakulindia."

Nikarudi asubuhi. Nilijua naweza kuitwa mwongo na kuikosa hata hiyo kazi.

"Bwana," nikamwambia, "jana nilikujibu salamu. Sikukujibu swali. Mke wangu mgonjwa."

Nje ya dirisha mahamali walikuwa wakipakia magunia, na mmoja alikuwa akichechemea, mguu umefungwa kitambaa. Bwana akatoa kichwa nje, akamwita, "Hujambo?"

"Sijambo, bwana!"

"Na mguu?"

"Ah, gunia limenivunja kidole, bwana. Lakini sijambo."

Yule bwana alicheka mpaka akavua miwani. "Miaka yote hii," akasema, "na mimi nadhani nafanya kazi na watu wasiougua kabisa." Siku hiyo hiyo hamali alipelekwa kwa daktari, na nyumba yangu ikatajwa kwake.

Daktari alikuwa Mhindi mzaliwa wa hapa hapa. Siku aliyoitwa kwetu alimkuta mke wangu kwenye ukingo wa kitanda, midomo imemgeuka rangi.

"Hujambo, bibi?"

"Si... jambo."

"Naam, nasikia," akasema, na huku ameshafungua mkoba na kutoa sindano. Alikaa mpaka kifua kikafunguka. Akaja tena na tena, mvua na jua, na hata leo nikiswali namtaja katika dua.

Asubuhi moja, nipo kwenye mizani, bwana mkubwa akapita na salamu zake. "Nyumbani hawajambo?"

Nilikuwa nimemwacha mke wangu uani anafagia huku anaimba, wimbo mzima, bila kusita kutafuta pumzi. Nikafungua mdomo nijibu, machozi yakanitangulia.

"Hawajambo, bwana," nikasema. "Na leo nakujibu swali."