Nani Alikuambia Habari Zangu za Inyonga?

Nilipostaafu kazi ya kutengeneza injini za garimoshi, sikujua la kufanya na mikono yangu. Tulihamia Mpanda reli ilipofika kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, nikapapenda, nikajenga karibu na stesheni. Asubuhi treni ikipiga honi nilikurupuka kitandani kama mtu aliyechelewa zamu, kisha nikakumbuka kwamba hakuna anayeningoja.

Kule karakanani, maisha yangu yote, niliandika taarifa za mitambo. Kimeharibika nini, kwa sababu gani, nimefanya nini. Mkuu wetu alikuwa akifuta kila neno alilodhani limezidi. Siku moja niliandika kwamba boila ya mvuke inapumua kama ng'ombe mgonjwa. Aliniita mbele ya wenzangu akauliza huyo ng'ombe yuko kwenye injini gani. Wote walicheka, na mimi nikacheka, lakini nadhani kiu ya kutunga ilianzia hapo. Basi nilipokuwa huru nilinunua karatasi dukani, nikakaa baraza ya nyuma, nikaanza kuandika mambo ambayo hayajatokea.

Mke wangu alikuwa anapeta mchele. Aliniangalia kwa muda.

"Unamwandikia nani barua?"

"Si barua. Ni hadithi."

"Hadithi ya nani?"

"Ya mtu ambaye hayupo."

Alitikisa kichwa, akaendelea na ungo wake. Yeye hakujua kusoma, na mimi sikumsomea. Nilikuwa naona haya, mtu mzima na mvi zangu.

Hadithi ya kwanza niliyoifikisha mwisho ilihusu fundi anayefanya kazi mbali. Huku nyuma, kijijini, mke wake anashikwa na homa, anakufa. Nilieleza wanawake wanavyomlaza kwenye mkeka, wanavyomfunika shuka mpaka usoni, wanavyonong'ona nani ampelekee mume habari. Kisha fundi anashuka kwenye treni na kukuta kaburi. Yote niliyatoa kichwani, huku nakunywa uji. Sikuwa namfikiria mtu yeyote.

Nilikuwa na rafiki, fundi cherehani aliyetoka Ujiji, aliyeshonea kwenye baraza ya duka mjini. Yeye ndiye aliyenilazimisha nisome. Alasiri niliyokwenda kusoma walikuwepo pia wachuuzi wawili wa samaki wakavu, wametoka Karema, wanapumzika. Nikasoma. Nilipofika kwenye kaburi, cherehani ilikuwa imenyamaza kitambo, na mchuuzi mmoja alikuwa anajifuta macho kwa kofia yake.

"Pole sana, mzee wangu," akasema. "Marehemu alizikwa wapi?"

"Hakuna marehemu. Nimetunga."

"Mtu hatungi kitu kama hicho. Unaficha kwa sababu inakuuma."

Nilikuwa nataka kumjibu, ndipo nikasikia nyuma yangu, "Nani alikuambia?"

Mke wangu alikuwa amekuja kuchukua gauni lake. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi. Uso wake ulikuwa umepauka, midomo inacheza. Nilidhani amekasirika kwamba nimemuua mke wa fundi.

"Nani alikuambia habari zangu za Inyonga?" akauliza tena. "Mama yako, kabla hajafa?"

"Habari gani?"

Aliondoka bila gauni. Nikamfuata njia nzima bila kuelewa kitu.

Nyumbani alikaa kizingitini, akanieleza. Mwaka ule niliokuwa karakana ya Tabora, naye amebaki kwetu Inyonga na binti yetu anayenyonya, alishikwa na homa. Ikamzidi. Siku moja mchana mwili ukaacha kumtii. Hakuweza kufumbua macho wala kusogeza kidole, lakini alisikia kila kitu. Alimsikia mama yangu anaanza kulia. Akasikia shuka linavutwa usoni. Akasikia wanaume wanaulizana majembe yako wapi.

"Wakabishana nani atamchukua mtoto," akasema. "Shangazi yako alisema yeye hawezi, ana watoto wake wengi. Mimi nasikia. Napiga kelele ndani kwa ndani, nje hakitoki kitu."

Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Ikabidi bibi mmoja jirani amweke kifuani kwa mama yake, amuage. Mtoto akatafuta ziwa, akanyonya. Maziwa yakatoka. Yule bibi aliyaona yanachuruzika kwenye kidevu cha mtoto, akapiga ukelele, watu wakakimbia nje. Yeye peke yake ndiye aliyebaki na kulifunua shuka.

Nilikuwa nimekaa chini kwenye vumbi bila kujua nimekaa saa ngapi. Niliporudi likizo mwaka ule nilimkuta amekonda. Wakaniambia alikuwa na malaria kidogo. Malaria kidogo! Nikamnunulia kitenge, nikarudi kazini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama yako alitukataza. Alisema ukijua utaacha kazi. Halafu miaka ikapita. Ningeanzia wapi?"

"Na binti yetu anajua?"

"Hajui."

Binti huyo wakati ule alikuwa ameolewa Litapunga, ana watoto wake. Tulipokwenda kumwona nilishindwa kula. Nilikuwa namwangalia kidevu. Akaniuliza, "Baba, unaumwa?" Mama yake akamweleza yote palepale jikoni. Binti aliacha mwiko ndani ya chungu, akamkumbatia mama yake, na ugali ukaungua.

Nilimwomba mke wangu ruhusa ya kuiandika ilivyotokea.

"Andika. Lakini usiseme nililia. Sikulia."

Kuandika kweli kulinitoa jasho kuliko kutunga. Nilichana karatasi nyingi. Mwishoni nilirudi kwa fundi cherehani nikiwa na mke wangu, na wale wachuuzi walikuwepo tena. Nikasoma bila kuongeza neno. Nilipomaliza, mchuuzi aliyelia mara ya kwanza alikuna shingo.

"Mzee, usinielewe vibaya. Ile ya kwanza ilikuwa kweli kabisa. Lakini hii ya maziwa umetia chumvi."

"Hata mimi naona hivyo," fundi cherehani akasema. "Maiti anyonyeshe?"

Nikamgeukia mke wangu awaambie. Yeye alikuwa ameanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, akakaa kwenye ngazi ya duka huku machozi yanamtoka.

"Soma tena," akaniambia alipopata pumzi. "Soma pale mtoto anapotafuta ziwa."