Jina Tulilolipeleka Mwanza

Mwezi uliopita nilipanda gari la mjukuu wangu kutoka kijijini kwetu, ndani huko nyuma ya Magu, nikiwa na kikapu cha michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na jina. Kuku alipiga kelele mpaka Nyanguge. Jina lilinyamaza, kama lilivyonyamaza miaka yote. Pembeni yangu alikaa rafiki yangu, yule yule niliyesafiri naye njia hiyo mara ya kwanza, tukiwa watoto wa miaka kumi hivi. Sasa hata tukikusanya meno yetu wote wawili hayajazi kinywa kimoja.

Ngoja nianze vizuri, maana nikianzia hapa utapotea, na mimi nitapotea nawe.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa akitoa majina katika ukoo wetu. Mtoto akizaliwa, Bibi alikaa siku moja au mbili bila maneno mengi, anapeta mtama tu, halafu ghafla anasema jina la mtu wa zamani aliyeona anafaa kurudi. Na jina lilitakiwa limfikie mtoto kabla kitovu hakijadondoka. Kitovu kikidondoka mtoto anatolewa nje kuoneshwa watu, na Bibi alisema mtoto akitolewa nje hana jina ni kama ng'ombe asiye na alama, yeyote anaweza kusema ni wake. Kama ni kweli sijui. Nakuambia tulivyoambiwa.

Kaka yangu mkubwa alikuwa Mwanza, fundi cherehani. Msimu mmoja wa pamba, mjomba wangu, aliyekuwa dereva wa lori la kubebea pamba, akaleta habari kwamba mke wa kaka amejifungua salama siku tatu nyuma. Hiyo tu. "Amejifungua salama," akasema, akaomba maji ya kunywa. Naye alisikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu.

Bibi miguu ilikuwa imemvimba, lori hawezi kulipanda. Baba yuko kwenye pamba, mama yuko kwenye pamba, kila mwenye mikono yuko kwenye pamba. Mjomba akasema, "Basi nipe mimi hilo jina, nitalifikisha." Bibi akamtazama. "Jina la mtoto halibebwi na mwanamume. Wewe utapita kilabuni kwanza, mpaka ufike Mwanza kila mlevi analijua." Mjomba hakubisha. Nadhani alijijua.

Nikabaki mimi. Lakini mimi nilikuwa msahaulifu wa kutangazika. Nilishatumwa chumvi nikarudi na kuni. Hata shule niliishia darasa la pili, mwalimu akamwambia baba kwamba kichwa changu ni kizuri lakini hakina mlango. Kwa hiyo Bibi akamwita na mtoto wa jirani, huyu rafiki yangu, ambaye alijua nyimbo zote za kanisani na ugomvi wote wa kijijini, nani alimtukana nani na siku gani. Akatuita mmoja mmoja nyuma ya ghala, akatunong'oneza jina sikioni, la kike, maana alisema ameshaota ni binti. Pumzi yake ilinukia tumbaku na maziwa ya mgando. Halafu akatusimamisha wote wawili.

"Mmoja akilipoteza, mwenzake atakuwa nalo. Ila njiani lisitajwe, hata ninyi kwa ninyi. Likitajwa njiani, litashuka njiani."

Tukapanda juu ya pamba. Rafiki yangu msomaji, umewahi kusafiri juu ya lori la pamba? Hakuna kiti cha basi kinachofikia. Unazama kidogo, unanukia jua na mbegu, na mawingu unayaona yanakwenda nyuma. Tulikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokaushwa, tumevifunga kwenye kipande cha khanga. Tulitafuna taratibu, maana ukitafuna tobolwa kwa haraka litakung'oa jino. Viatu tulivishika mkononi visichakae.

Tulipofika Magu, lori likasimama. Nikaona maduka ya mabati yamepangana, baiskeli, redio inaimba dirishani, nikajua ndiyo Mwanza. Nikavaa viatu, nikateremka, nikapiga goti mbele ya mzee mmoja nikamwuliza kaka yangu fundi anakaa wapi. Mzee akaanza kufikiri kweli! Mjomba akapiga honi. "Wewe mtoto, panda! Hii ni Magu!"

Rafiki yangu alicheka mpaka akapaliwa na tobolwa. Mpaka leo nikikosea jambo lolote, hata chumvi kwenye mboga, ananiambia, "Umeshukia Magu."

Tukavuka mto Simiyu, tukapita Nyanguge, yeye anaongea, mimi nalilinda jina kichwani kama mtu aliyebeba uji kwenye sahani. Karibu na Kisesa lori lilikanyaga shimo, tukarushwa juu wote wawili na magunia. Tangu hapo yeye akanyamaza kabisa. Nikadhani ni hofu ya mji. Baadaye, kati ya yale mawe makubwa yaliyobebana, ziwa likatokea, na mimi nilidhani ni mbingu imeteremka upande ule. Nikamwonesha. Hata hapo hakusema neno.

Mjomba alitushusha mjini, maana yeye alikuwa anakwenda kupanga foleni kiwandani. "Nyookeni na barabara hii mpaka kwenye maduka ya vitambaa. Kaka yenu anashonea kibarazani. Msisimame popote."

Sasa hapo ndipo tulipoharibu. Kwetu mtoto wa kike hampiti mtu mzima bila kupiga goti na kumsalimu, na akishasalimu anangoja aulizwe habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe. Kutoka kisimani hadi nyumbani ungekutana na watu wazima watatu, wanne wakizidi. Barabara ile ilikuwa na watu wazima kama siafu. Tukaanza. Goti, "Shikamoo." Goti, "Shikamoo." Wengine walipita bila kutuona, tukabaki chini tunangoja habari za ng'ombe. Mwenye baiskeli mmoja alitukwepa akaingia kwenye mtaro. Tukamfuata mtaroni, tukamsalimu.

Mama mmoja muuza ndizi akatuita. "Ninyi, mmedondosha nini hapo chini?"

"Hatujadondosha, mama. Tunasalimu."

"Mji mzima? Mtamaliza lini?"

Jua lilikuwa limeshahama upande. Nikaanza kulia, maana niliona kitovu kinadondoka kule kwa kaka na sisi bado tuko magotini.

Mbele ya duka la vitambaa alikaa mzee wa Kihindi kwenye kiti cha kamba. Tukapiga goti, la mwisho sasa, magoti yanawaka. Mimi kwa kuchanganyikiwa nikasalimu kwa Kisukuma: "Mwadila." Mzee yule akaitikia! Akauliza, kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko cha mwalimu wetu, sisi ni watoto wa nani, wa ukoo gani, mvua ilinyesha vipi, ng'ombe wazima? Kumbe alikulia dukani kwa baba yake ndani huko huko kwetu, wakiuza chumvi na kaniki. Nikamtajia baba, nikamtajia babu, nikamweleza kaka ni fundi.

"Ninyi ni wadogo zake fundi wangu!" akasema. "Leo hakuja. Yuko kwake Mkuyuni, mkewe amejifungua. Mmemletea nini?"

Tukatazamana, midomo imefungwa.

Akatuangalia, akatabasamu chini ya masharubu. "Aha. Jina."

Tukaangalia miguu yetu.

"Basi kimbieni. Fuateni barabara ya kando ya ziwa, nyumba ya mlango wa kijani, karibu na wasaga unga. Na msimsalimie mtu tena mpaka mfike. Mkilaumiwa, semeni mimi ndiye niliyewaruhusu."

Tulikimbia, rafiki yangu, tukawapita watu wazima kama miti. Nilijisikia mwizi. Kaka alikuwa mlangoni anakunja nguo za mtoto, na kabla hajasema karibu, mimi nikauliza, "Kitovu?"

"Kitovu gani?"

"Kimedondoka?"

"Bado. Ingieni."

Tukaingia chumba chenye joto na harufu ya uji. Na pale kitandani, kando ya mke wa kaka, walilala watoto wawili.

"Huyu Kulwa," kaka akasema, "na huyu Doto."

Wewe unajua. Usukumani pacha hawapewi majina, wanakuja nayo. Anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na hakuna bibi wala babu wa kuongeza neno. Jina tulilolibeba juu ya pamba, tukalipitisha Magu, tukalipigia goti mji mzima, halikuwa na wa kulipokea. Mimi nilikaa sakafuni. Rafiki yangu alicheka na kulia kwa pamoja, nikadhani ni uchovu.

Jioni tulikula furu wa kuchemsha na ugali wa muhogo. Furu ni visamaki vidogo, vina miiba mingi, lakini mchuzi wake! Ulilamba kiganja mpaka kwenye kiwiko. Tulikaa siku mbili, tukarudi na lori lile lile, tupu sasa, linagonga kama debe.

Bibi aliposikia ni pacha alipiga vigelegele, miguu yake ile iliyovimba ikacheza. Nikamwuliza, "Sasa jina tukurudishie?" Akakataa. "Nikishalitoa, limetoka. Kaeni nalo. Siku moja atakuja asiye na jina." Kabla ya msimu mwingine wa pamba tulimzika.

Mimi nilizaa wavulana sita. Wajukuu wa kike walipokuja, wakapewa majina ya kwenye kalenda ya kanisa, na mmoja jina la kwenye televisheni. Rafiki yangu alizaa mabinti, lakini mama mkwe wake alikuwa na majina gunia zima. Jina likakaa. Ndipo mwezi uliopita mjukuu wangu, anayeishi Mkuyuni hiyo hiyo, akapiga simu. "Shikamoo Bibi. Tumepata binti. Mke wangu anataka jina la kwetu. Unalo?"

Nikamwambia aje atuchukue wawili.

Tulipofika Kisesa, rafiki yangu akanishika mkono. "Nina neno."

"Sema."

"Lile jina. Nililisahau."

"Lini?"

"Hapa hapa. Lile shimo. Liliruka likatoka."

"Miaka yote hii! Na hukusema!"

"Ningekuulizaje, na kulitaja ni mwiko? Nilipoona wale pacha nilitaka kumbusu Doto miguu." Akafuta macho. "Sasa umeshajua. Umebaki peke yako nalo, wewe uliyeshukia Magu."

Mjukuu alicheka hadi akapunguza mwendo. Mimi sikucheka. Mtu niliyetumwa chumvi nikaleta kuni! Kama kichwa changu kililibadilisha njiani katika miaka yote hiyo, nani angeniambia? Nilikaa kimya mpaka mjini kama yeye siku ile.

Mtoto alikuwa amelala, kitovu bado kipo. Nikainama, rafiki yangu naye akainama nyuma yangu, nasikia pumzi yake shingoni. Nikalisema sikioni mwa mtoto, polepole.

Rafiki yangu akapiga paja lake kofi. "Ndilo! Ndilo hilo hilo! Lilikuwa wapi siku zote!"

Mtoto akaamka, akalia, na sisi vikongwe tukalia naye, mama yake akatukimbilia akidhani tumemfinya.

Kesho yake nilikwenda sokoni kutafuta furu. Kijana akanionesha dagaa, akanionesha sangara mkubwa kama mbuzi. Furu hakumjua. Kwenye kibaraza cha mzee yule wa Kihindi sasa wanauza simu, na barabarani hakuna anayepiga goti. Siwalaumu, hawangefika kazini. Lakini kuna kitu kimoja kinaniuma kidogo. Bibi hakutuambia lile jina lilikuwa la nani. Mimi nilimwita Bibi, baba alimwita Mama, majirani walimwita kwa jina la mwanawe mkubwa. Jina lake mwenyewe sikuwahi kumwuliza, na wote ambao wangenijibu wameshalala.

Huenda ndilo hilo. Ninapoandika haya nimekaa kibarazani Mkuyuni, na ndani mama mtu anaimba akimwogesha mtoto, anamwita kwa sauti, dirisha wazi, barabara nzima inasikia:

"Milembe! Milembe wee!"

Nami kila mara nageuka, nione kama kuna bibi kizee anayeitika.